Kigeuzi Kilichokwaruza

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na pacha wenu, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mke wangu anakusalimu, na Baba anakula vizuri na kugomba vizuri. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ningeishia kufoka, nawe hujanikosea kitu.

Uliniagiza nimtafutie Baba kigeuzi kizuri kisicho na bei ya kukomoana. Sikujua hata kinageuza nini. Muuza redio wa mtaani kwetu alinieleza kwamba muziki wa kwenye kompyuta ni tarakimu tupu, na hicho kijisanduku ndicho kinachozigeuza kuwa sauti kabla ya kufika kwenye amplifaya. Kompyuta inacho cha kwake humo ndani, lakini cha kuungaunga, na huenda ndiyo maana zile santuri ulizomnakilia Baba zinasikika kana kwamba zimefunikwa blanketi. Hayo ya blanketi ni maneno ya Baba mwenyewe.

Basi akaniazima viwili: kile ulichokipendekeza wewe, na kingine cha bei nafuu, kidogo kama kiberiti, ambacho aliapa hakiachwi mbali. Uamuzi ulikuwa wa Baba, maana katika ukoo huu masikio ni yake na yako, mwalimu wa muziki. Mimi, kama unavyokumbuka, nilipewa masikio ya kuning'inizia miwani. Baba aliniambia hivyo mbele ya wageni, wakacheka, nami nikacheka, na tangu hapo sijaimba hata bafuni.

Hilo langu nilishalimeza. La Chiriku ndilo limenikaa kooni. Mwezi uliopita mwanangu alichaguliwa aimbe peke yake mbele ya kwaya ya shule, akaja kumwimbia babu yake kwanza. Aliimba wimbo mzima, mikono kaiweka nyuma. Baba akainua mkono, akasema sauti inakwaruza, mtoto hana sikio, karithi kwa baba yake. Kesho yake Chiriku alirudisha sare ya kwaya. Siku hizi hata vyombo anaosha kimya.

Jumamosi tukavipima vile vigeuzi kwa utaratibu wake wa tangu alipokuwa fundi mitambo redioni: yeye kitini, macho kafumba, mimi nyuma yake nabadilisha waya bila kusema kipi ni kipi. Cha kwanza kilikuwa chako. Alitikisa kichwa kama anayefuata mdundo, akagongagonga goti. Nikahamishia waya kwenye kile cha bei nafuu, nikabonyeza muziki uanze. Kimya. Nilikuwa nimechomeka waya kwenye tundu lisilo lake. Nikafungua mdomo nimwombe radhi, nikaona vidole vyake vinagonga goti vilevile. Akaendelea mpaka akatosheka, ndipo akainua mkono. Akasema hiki cha pili kinakwaruza, nikirudishe.

Nilibaki nakitazama kisogo chake. Nikaikumbuka amri yake kwamba anayeongea naye asimame mbele yake, tuliyodhani ni adabu. Nikazikumbuka simu zako, anavyonikabidhi mimi akidai yeye na wewe hamna jipya la kuambiana. Nikamwita kwa jina lake, Dada, jina lenyewe, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Hakugeuka.

Nilizunguka nikasimama mbele yake, nikamuuliza. Kwanza alikana, kisha akachoka. Alisema masikio yalimfia kabla Chiriku hajazaliwa, na kwamba hayuko tayari kuonekana na kifaa sikioni, fundi mzima. Nikamuuliza sasa mtoto alimsikiaje.

“Sikumsikia,” akasema. “Nilimtazama tu. Nikaiona sura yako.”

Nilimtaka amwambie mjukuu wake ukweli kwa kinywa chake. Akakataa. Alisema mtoto atasahau, akaniomba nisikuambie wewe. Nina hasira naye, na sioni aibu kuandika hivyo. Uziwi wake ungenihuzunisha, ningemshika mkono nikampeleka hospitali. Lakini siku ile angeweza kunyamaza, angeweza hata kumsifu bure, akaona bora amvunje moyo.

Basi nilimwambia Chiriku mwenyewe. Nilimweleza yote, waya, goti, jina. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba anajua namtetea, na kwamba mimi siwezi kujua, kwa sababu sina sikio.

Vigeuzi vyote viwili nimevirudisha dukani. Msalimie shemeji, na pacha uwakumbatie kwa ajili yangu. Ukipata nafasi, njoo. Si kwa ajili ya Baba.

Ni mimi mdogo wako,
Baba Chiriku