Sufuria ya Pili

Baba yangu mpendwa,

Bado nakuita mpendwa kwa sababu Mama alinilea na adabu, si kwa sababu leo nakupenda. Ni Jumamosi. Nimesimama jikoni kwetu Kiamunyi, mikono inanuka vitunguu, na leo Mama ameniambia, bila hata kunigeukia, "Kata viazi za sufuria mbili." Mbili, Baba. Tangu tukuzike hatujapika hata moja.

Unajua ni chakula gani nasema. Ile nyama ya Mama ya kupangwa, uliyoipa jina la ghorofa. Ulikuwa unavuta kistuli karibu na jiko, viatu vyako bado vina vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi ulikokuwa ukiendesha lori wiki nzima, unatusimamia kana kwamba jengo ni lako. Chini majani ya kabeji, ili isishike. Halafu viazi vya Mau Narok, kwa kina Mama, vilivyokatwa mviringo. Halafu nyama ya kusaga iliyokaangwa na nyanya na dania mpaka maji yakauka. Karoti na minji. Viazi tena, nyama tena, viazi tena, na juu kabisa ule utando wa maziwa ambao Mama aliukusanya kwenye kikombe na kutukataza hata kuuangalia. Akishafunika, anaweka makaa juu ya kifuniko na kuacha moto mdogo chini. Hakuna kufunua. Ukifunua anakupiga na mwiko, na wewe ulipigwa mara nyingi kuliko sisi watoto.

"Kata nyembamba, mami," ulikuwa ukiniambia. "Hii si ya ng'ombe."

Uliniita mami kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, kwa hivyo mimi ni Wangari, na ulikuwa unanitania kwamba ukikosa nitakuchapa kwa niaba yake. Nilikuwa naringa sana na hilo jina. Wadogo zangu walijua hawawezi kunifikia kwako.

Kila Jumamosi tulipanga sufuria mbili. Kubwa ilikuwa yetu, ya jioni, nyumba nzima tukizunguka meza. Ndogo ilikuwa ya vijana wa kambini, wenzako wa kazi, ambao ulisema wanaishi kwa chai na mkate. Mama aliwahurumia. Nilimwona kwa macho yangu akitoa nyama kwenye sufuria yetu na kuongeza kwa ile ndogo. "Hao wako mbali na mama zao," alisema. Jumapili baada ya kanisa aliifunga kwa kitambaa, fundo juu, na wewe ukaibeba hadi kwenye gari ukiishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto.

Na ilikuwa ikirudi na kitu. Chombo cha watu hakirudishwi kitupu, hilo hata mtoto mdogo wa kwetu anajua, na hao vijana wako walijua vizuri sana. Mara vitunguu, mara nyanya, mara samaki amefungwa kwenye gazeti. Siku moja nilikuuliza samaki ametoka wapi, maana Kariandusi ni vumbi na mawe, ukasema mmoja wao kwao ni Naivasha. Mama alifurahi. "Hao vijana wamelelewa," alisema. Nawe ukamwangalia machoni, ukamjibu, "Wanakushukuru sana, mama watoto." Hukupepesa hata kidogo. Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi nikitafuta aibu usoni mwako, na sijaiona.

Sasa sikiliza yale hukuwepo kuyaona.

Mahema ya mazishi yalikuwa yameondolewa, nyasi bado zimelala pale yalipokuwa. Tulikuwa tumekaa nje mimi na Mama, tunachagua maharagwe. Msichana akaingia kwa geti. Ni mdogo kwangu kidogo, amevaa sweta ya chuo, na mkononi ana ile sufuria yetu ndogo, imesuguliwa mpaka inang'aa, imejaa sukari. Alikuja moja kwa moja kwa Mama, akapiga magoti, akaanza kulia.

"Shangazi," alisema, "mbona mlimzika bila kutuambia? Ata kama hampendi mama yetu, si mngepiga tu simu moja? Tumemtafuta kwa simu mpaka mtu wa kazini ndio akatuambia na kutuelekeza hapa. Mama ameshindwa kuja, amelala tu."

Mama aliuliza pole pole, "Mimi ni shangazi yako?"

"Si wewe ndiye dada mkubwa wa baba? Wa huku Nakuru? Tumekula chakula yako tangu nikiwa mdogo. Mama alikuwa anajaza sufuria anasema, hii mpelekee dada yako, mwambie asante."

Dada yako. Miaka yote hiyo mwanamke mmoja wa Kihoto, kule Naivasha, alikuwa akimtumia Mama samaki, akimshukuru kwa kumlisha mume wake, na wewe ukabeba shukrani hizo kilomita zote hizo ukazibadilisha njiani. Mke uliyefunga naye harusi kanisani ulimfanya dada. Jasho lake, nyama aliyotunyima sisi, utando wa maziwa aliouficha, vyote ulikwenda kuvipakua kwenye meza nyingine. Kama ungetafuta mwanamke mwingine tu, Baba, nisingekuwa wa kwanza wala wa mwisho kulia kwa hilo. Lakini ulitupikisha! Ulikaa kwenye kistuli ukanihimiza nikate nyembamba.

Mama alimuuliza msichana jina lake.

"Wangari," alisema.

Hapo Mama hakuhitaji kuuliza lingine. Aliweka ungo chini. Nilifungua mdomo niseme, akanifinya paja kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Tusamehe, mami," alimwambia yule msichana. "Tulichanganyikiwa." Akamwita kwa jina ulilokuwa ukiniitia mimi, halafu akaniambia nilete chai.

Nilipoleta, msichana alinitazama akatabasamu na machozi yake. "Na wewe ndio cousin yangu, ule tunaitwa jina moja. Baba alikuwa anakusifu! Alisema hakuna mtu anakata viazi kama wewe."

Kumbe ulikuwa ukinitaja. Nilikuwa nikifikiria labda ulitunyamazia kabisa huko, kwamba aibu ilikufunga mdomo. La. Ulinisifu vizuri, mbele ya watoto wako, kama mpwa. Hilo ndilo lililonivunja. Nililia kwenye kaburi lako kama binti wa kwanza, nikatupa udongo wa kwanza, na mahali fulani karibu na ziwa kulikuwa na meza ambapo mimi ni mtoto wa dada yako.

Alipoondoka nilimpigia Mama kelele, jambo ambalo sijawahi kufanya. Alinijibu kitu kimoja tu. "Ameshapoteza baba. Nimuue huyo baba mara ya pili?" Basi tangu siku hiyo msichana anapiga simu, anamjulia shangazi hali, na Mama anaitikia. Anaitikia, Baba! Anaingia chumbani, anafunga mlango, anaongea kama dada yako. Akitoka hali chakula. Ndiyo sababu ghorofa ilikoma hapa kwetu. Wadogo zangu wanauliza, nasema mawe ya jiko yamechakaa, naonekana mjinga, kwa sababu jiko letu halina mawe. Na mimi pia sasa ni mwongo, nimejifunzia kwako.

Wiki hii ziwa limepanda tena. Kihoto maji yameingia mpaka vyumbani, na asubuhi Wangari alipiga simu akisema wamelala kanisani, yeye na mama yake na mdogo wake, na magodoro yameloa. Mama alikata simu akaja jikoni. Ndipo akasema viazi vya sufuria mbili.

Nilikita kisu kwenye ubao. Nilimwambia sitapika tena chakula cha uongo, na kama nitapika, nitakipeleka mwenyewe na nitasema mimi ni nani. Nilitegemea anifinye. Alichukua karoti, akaiparuza mpaka ikaisha.

"Peleka," alisema. "Umwambie mama yao imetoka kwa bibi ya huyo mtu. Umwambie na samaki zake zilikuwa tamu."

Basi nimekata, nyembamba. Nimepanga, nimefunika, nimeweka makaa juu. Sikuweka nyama kidogo kwa hasira, ingawa nilitaka, kwa maana hao wenye njaa si waliotudanganya. Aliyetudanganya amelala nyuma ya nyumba chini ya maua tuliyomnunulia. Kesho baada ya kanisa nitaifunga kitambaa, nishuke Naivasha, na watu wawili wenye jina la mama yako watakutana kwa mara ya kwanza kila mmoja akijua mwingine ni nani. Atalia. Pengine atanichukia kwa kumletea habari hizi pamoja na chakula. Hiyo kazi ilikuwa yako, ukaniachia mimi, na wewe huwezi tena kuulizwa.

Kistuli chako nimekitoa jikoni. Sitakwambia ulale salama, Baba. Lala tu.

Mimi Wangari,
binti yako.