Lala Huko Kwanza

3 Februari

Mwanangu Haraka,

Nakusalimu, na marahaba yako nakuwekea hapa hapa, najua shikamoo inakuja. Mimi mzima, isipokuwa magoti, na hayo usiyaulize maana yatakujibu. Mkwe wangu hajambo? Kile kikohozi chake kimekwisha?

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unanishinda. Nikifungua kinywa wewe umeshamaliza. Kwenye barua angalau unalazimika kuningoja nifike kwenye nukta.

Umenishauri niuze nyumba nije kukaa kwako, na kuuza nimekubali. Ngazi za marehemu baba yako zimenishinda. Chumba cha kulala juu, choo na jiko chini, sijui alifikiri tutabaki vijana milele. Juzi nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto anayejifunza. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Lakini yule dalali uliyemtafuta kutoka huko, hapana. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Alikuja na viatu vilivyochongoka, akanisemesha kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, kisha akakupigia wewe simu nami nimekaa mbele yake: "Bibi yuko tayari." Tayari kwa nini? Mimi hakuniuliza hata neno moja. Na chai yangu aliiacha nusu.

Fundi viatu wa pale kona ananiambia yuko mama mmoja anayeitwa Dalali wa Wazee, kwa kuwa kazi yake ni kuwauzia nyumba na kuwahamisha watu wa umri wangu tu. Anakuja Alhamisi. Tafadhali usimpigie simu.

Mama yako

11 Februari

Shikamoo mama,

Sisi huku wazima, kikohozi kimekwisha, sasa amebaki kukoroma tu.

Barua yako imenichekesha na imeniudhi. Dalali wa wazee ndiyo nini? Mama, mjini shule. Watu wakisikia mjane ana nyumba, wanakuja na maneno ya asali. Muulize amewahamisha nani, uende ukawaone wenyewe kwa macho yako, usiridhike na sifa za watoto wao. Muulize pia anamtumikia nani, wewe au mnunuzi. Akijiumauma, mfungulie mlango atoke.

Chumba chako kiko tayari. Nimenunua kitanda kifupi, usipate taabu ya kupanda. Mkwe wako ameitoa baiskeli yake humo, na unajua anavyoipenda kuliko ndugu zake.

Mwanao, Haraka

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama, mvua kidogo.

Huyo mama amekuja. Ni mnene, hana haraka, anatembea akishika kuta kama anazipima afya. Paa hakulitazama. Tulipofika chumbani juu aliomba maji, nikashuka jikoni kumletea, naye akawa ananitazama ninavyokwenda na ninavyorudi. Akayanywa yote, akasema, "Mama, maji yako yako mbali." Mwaka mzima nilikuwa nalijua hilo na sijapata kumwambia mtu.

Nimemuuliza maswali yako yote, usije ukasema nimerogwa. Anamtumikia nani? "Wewe. Mnunuzi atafute wake." Amemhamisha nani? Akanipeleka kwa dereva wa treni mstaafu, akatuacha sisi wawili akaenda zake nje, tuseme tunachotaka. Mzee yule alilalamika juu ya jua, juu ya jirani, juu ya mbwa wa jirani, juu ya kila kitu isipokuwa huyo dalali.

Basi nimemchagua. Ila ana sharti lake. Haleti mnunuzi hata mmoja mpaka mwenye nyumba akalale kule anakotaka kuhamia. Nikamwambia kwako nimeshatembelea mara nyingi. Akasema, "Sikusema kutembelea. Kalale mpaka uchoke kuwa mgeni."

Kwa hiyo nakuja mwisho wa mwezi, na cherehani yangu.

Mama yako

20 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini ulifika salama na basi halikukutesa miguu. Nyumba imepooza tangu uondoke. Nafurahi sana, mama, sikufichi. Ulisifu kitanda, ukasifu mapazia, ukasifu hata mchuzi wa mkwe wako, ambao mimi mwenyewe naumeza kwa sala. Nimeshawaambia watu wote kazini kwamba mama anahamia kwangu.

Sasa mwambie dalali wako alete wanunuzi. Umeshalala.

Mwanao, Haraka

28 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Nilifika salama. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, basi nisomee taratibu.

Dalali aliniuliza nimelalaje kwako. Nikasema vizuri. Akauliza, "Chai ya asubuhi ulikuwa unapika wewe?" Hapo nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya mtu baki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku zote zile hukunipa hata kijiko. Ulizima gesi ulipoondoka nisiungue. Uliisukuma cherehani chini ya kitanda ili jirani wa upande wa pili wa ukuta asilalamike. Nilikuwa nakaa kwenye kochi, mikono mapajani, nasubiri mrudi kutoka kazini. Mikono hii imeshona sare za shule nzima. Ulifanya yote kwa mapenzi, na kwa sababu ni mapenzi sikuweza kusema, nikabaki kusifu. Nilisifu mpaka nikaogopa utaniamini.

Nilimwomba dalali akuambie yeye. Akakataa. "Mimi dalali wa nyumba, mama, si dalali wa maneno. Hilo la mwanao ni lako."

Basi nalisema. Nakupenda, na sitaki kukaa kwako. Nataka nyumba ndogo ya chini, hapa hapa mjini kwangu, yenye mlango wangu. Wewe ukija, upige hodi, nami nipate raha ya kusema karibu.

Kitanda usikitoe. Nitakilalia nikija, siku mbili.

Mama yako

2 Mei

Mwanangu Haraka,

Hamjambo huko? Mimi sijambo. Jina lako ni Haraka na barua yangu haijajibiwa. Nimeuliza posta, wanasema hawajagoma.

Dalali amenitafutia nyumba, mtaa wa pili kutoka hapa. Vyumba viwili, ngazi moja tu mlangoni, yenye kishikio. Rangi yake mbaya, lakini nyumba njema si mlango. Amezungumza na mwenyewe nikaruhusiwa kulala humo kabla ya lolote. Asubuhi nilipika chai, nikaimwaga, nikaifuta. Sijafurahi hivyo muda mrefu. Kabla sijamaliza kunywa, jirani aliyeniona na cherehani alishaniletea suruali ya kupunguza.

Nyumba yetu nayo imepata watu, mume na mke walimu wenye mapacha. Walipokuja kuangalia, watoto walipanda ngazi mbio wakashuka mbio. Acha ngazi zipate magoti mapya.

Kila kitu kiko tayari ila sahihi yangu. Siiweki mpaka nipate neno lako. Hata la hasira, mwanangu, ila liwe neno.

Mama yako

9 Mei

Shikamoo mama,

Wazima. Nilikasirika. Nilikaa kwenye kile kitanda chako nikalia, mkwe wako akabaki mlangoni ameshika kikombe, hajui akiweke wapi.

Halafu nikajiuliza, ningekuwa mimi, nimefungiwa gesi, nimefichiwa kazi yangu? Ningevunja sahani makusudi nipate cha kufagia.

Neno langu ni hili: naogopa. Naogopa uanguke na mimi siko. Nilitaka uwe mahali ninapokuona, basi.

Weka sahihi, mama. Lakini nitakuja bila taarifa.

Baiskeli imerudi chumbani. Mwenyewe anajifanya ana huzuni.

Mwanao, Haraka

20 Julai, chini ya mlango wako

Mama,

Shikamoo ya sakafuni. Nimekuja bila taarifa kama nilivyoahidi. Nimepiga hodi, kimya. Nimepiga tena, kimya. Moyo ukanipasuka. Nikachungulia dirishani, nikikutafuta chini.

Hukuwepo. Niliona cherehani iko wazi, suruali za watu zimekunjwa, kikombe kimoja kimeoshwa kimefudikizwa.

Jirani yako amenicheka. "Mama yako? Asubuhi humkuti. Leo kaja yule dalali kumchukua, yuko mzee anasitasita kuhama. Kaenda kumlalamikia juu ya kila kitu isipokuwa dalali."

Nimekaa hapa mlangoni, nimecheka, nimelia kidogo. Sasa naenda sokoni, nitarudi. Nikipiga hodi, nifungulie.

Mwanao