Mashine Haimjui Mama

Ghorofa ya kwanza,
juu ya duka la fundi saa.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote. Goti lako je, limekubali kupanda ngazi? Mimi sijambo, ila macho yanadai miwani mipya. Wifi yako naye hajambo sasa, na hilo “sasa” ndilo lililonikalisha mezani nikuandikie.

Alipong’olewa meno ya mwisho mwezi uliopita, alibaki na uji na supu. Wiki mbili zikamtosha. Akawa anasukuma bakuli na kusema ameshiba, huku gauni lake la bluu likimpwaya. Daktari wa meno alituambia ufizi utapona. Ale nini mpaka upone, hilo hakusema.

Binti yetu akatuletea mashine ya kuoka mkate. Unatia vitu vyote kwenye ndoo yake, unafunika, unabonyeza kitufe; inakanda, inaumua unga na kuoka yenyewe. Nikamwahidi wifi yako mkate laini kama pamba.

Wa kwanza ulitoka mfupi na mzito kama tofali. Nikalaumu hamira, nikanunua nyingine. Wa pili ukawa pacha wake. Nikasoma maelekezo kama mtu wa mtihani: maji vuguvugu chini, unga juu yake, hamira kwenye kishimo katikati ya unga, mbali na chumvi. Nikatii yote. Wa tatu uliniponyoka ukaanguka sakafuni, na fundi saa akapaza sauti kutoka chini kuuliza kama tunahamisha kabati.

“Huo usiutupe,” wifi yako akasema. “Mpelekee fundi viatu apigie soli.”

Alicheka, lakini bakuli alilisukuma vilevile.

Ndipo jirani yetu, mfamasia mstaafu, alipokuja na mizani yake, akasimama kunitazama. Maji nilipima kwa kikombe cha mashine, kwa kuwa kina mistari. Unga nikachota kwa kile kikombe cha bati nilichoondoka nacho siku tulipohama. Miaka arobaini na moja sijapimia unga kwa kingine.

“Hicho nini?”

“Kikombe.”

“Cha nani?”

“Cha mama yangu.”

“Mzee mwenzangu,” akasema, “mashine haimjui mama yako.”

Tukapima. Kikombe cha mashine kilichukua gramu mia moja ishirini na tano za unga. Cha Mama, mia moja na tisini. Kwa vikombe vinne nilikuwa nazidisha gramu mia mbili na sitini, kwa maji yaleyale. Ungeumukaje?

Sikufichi, nilikirudisha rafuni kwa uchungu kidogo. Lakini mkate wa nne ulipanda mpaka ukakaribia kifuniko. Mashine ilipolia tu nikautoa ndooni, usije ukalowa kwa mvuke wake. Ukiubonyeza, unanyanyuka. Wifi yako alikula kipande, akala cha pili, kisha akanikazia macho.

“Mbona unakata vyembamba hivi? Unawawekea wageni?”

Leo amekula vinne, na gauni la bluu linaanza kumkaa tena.

Wewe ulikuwa bado wa kubebwa, hukumbuki Baba alivyokuwa akigomba kwamba gunia la unga linaisha kabla ya mwezi. Mama alimjibu neno moja kila mara: “Kikombe kimoja kwa kila mtoto, sizidishi hata punje.” Nimelifikiria wiki nzima. Hakumdanganya. Alichagua kikombe tu.

Nisalimie shemeji, Shangazi Mkubwa, na yule mpwa wangu kinyozi. Mungu awape afya, na awapimie kwa kikombe kama kile.

Kaka yako akupendaye, mwenye unga mpaka kwenye nyusi.