Kilichotokea Chumba cha Makoti

Jumatatu, 14 Julai
Baridi kali. Mkutano wa watu wa bima, ukumbi umejaa. Makoti mengi ya wageni ya kutunza, miavuli inachuruzika sakafuni. Mgeni ameuliza kama hapa ndipo choo. Hakosi mmoja. Mercy, mwenzangu wa kaunta, hajacheka. Alipoinua mkono kutundika koti nimeona alama za vidole shingoni mwake.

Jumanne, 15 Julai
Ni mumewe, Kevo. Ameniambia tukiwa nyuma ya makoti. Wageni hawajui, lakini humo ndimo tunamokula, tunamoomba, tunamolia. Nimekasirika. Leo analala kwangu Kinoo. Hana hata nguo ya kubadilisha.

Jumatano, 16 Julai
Kevo anapiga simu tu. Anasema atakuja kazini. Nimemwonya askari wa mlangoni asimruhusu. Naogopa.

Alhamisi, 17 Julai
Kevo amekuja mchana, na suti safi. Askari hamjui kwa sura; amemwambia amesahau koti. Na baridi hii, nani angemkatalia?

Nimemsukuma Mercy ndani, tukajifungia.

"Fungua, madam. Hii si maneno yako."

Ameuvunja mlango kwa mateke. Amemburuta Mercy kwa nywele, akampigiza kichwa ukutani. Akausokota mkono wake hadi ukalia kama ukuni unaovunjika. Nimeng'oa chuma cha kutundikia, makoti yote chini. Nimempiga begani. Hakuacha. Nimempiga mdomoni. Meno. Damu kwenye makoti ya watu. Ameanguka. Nimempiga tena. Hakukuwa na haja. Nilitaka.

Ijumaa, 18 Julai
Kituo cha polisi tangu asubuhi. Kevo yuko hospitali, taya limevunjika, polisi kando ya kitanda. Meneja amenisimamisha kazi. "Si ungeita askari?" Askari ndiye aliyemwingiza!

Mpelelezi ameuliza nilimpiga mara ngapi. Nimesema tatu. Hata ile ya mwisho nimeisema. Amesema nisitoke Nairobi, huenda nami nikashtakiwa. Sawa. Jela siiogopi kama ninavyoogopa vile ilinipendeza.

Jumapili, 20 Julai
Hatukwenda kanisani. Jua limetoka kidogo. Mkono wa Mercy una plasta, kwa hivyo nimemwosha nywele mimi, kwa karai, nje ya mlango. Kuna mahali zimeng'oka kabisa. Hapo nimepitisha maji polepole, bila kugusa.

"Yamekuwa moto," amesema.

Nimeongeza ya baridi.