Adui wa Kimo cha Kidole Gumba

Jumamosi. Mvua nyembamba tangu asubuhi, baridi ya kuuma masikio, na moyo wangu una furaha mbaya.

Kesho namuua mtu.

Hivyo ndivyo nilivyoamka nikijiambia, na sioni haya kuliandika. Asiyenijua asiogope. Mtu mwenyewe ni wa plastiki, kimo chake hakizidi kidole gumba, na atafia juu ya meza ya klabu yetu, katika mji huu wa kaskazini ambao hata jua lake ni la kuazima. Wenzangu pale hupiganisha majeshi ya wafalme wao wa zamani kwa dadu na rula. Mimi nimejenga Chula, kisiwa nilikozaliwa. Nyumba za mawe nimezichonga kwa vizibo vya chupa, makuti nimeyakata kwenye ufagio, na pwani nimeimwaga kwa mchanga wa kuchezea wanangu. Mzee Pita, mstaafu ninayecheza naye, aliitazama akasema ni pahala pazuri pa likizo. Nikamwambia naam, palikuwa pazuri.

Shida yangu ni wakati. Kazi ya kiwandani hainipi nafasi, watoto watatu hawanipi, na miezi hii nimekuwa nikimpeleka mama kliniki ya macho kila siku mbili tatu. Saa yangu ya kupaka sanamu rangi ni moja tu, baina ya swala ya alfajiri na basi la kwanza. Wakati wa joto alfajiri huja mapema mno, napaka huku nasinzia. Wakati wa baridi huchelewa kama bwana harusi, na nikishatoa salamu nabakiwa na dakika ishirini. Dakika ishirini ni kiatu kimoja na mshipi. Na klabu ina sheria yake: asiyepakwa rangi haingii mezani. Mtu huyu mmoja amenichukua wiki saba.

Yeye mwenyewe ni nani? Jina lake siliandiki hapa. Siwezi kumpa heshima hiyo.

Nilikuwa na miaka kumi. Vita vilikuwa vimeshaitafuna Kismayo, sasa vinataka na visiwa. Wakaja kwa boti ya mashine kutokea upande wa Burgao, wanaume kumi na bunduki zao, na yeye ndiye mkubwa wao. Walichukua nyavu. Walichukua mashua ya baba. Kisha akamwona taza wetu.

Taza ni samaki wa kunasia kasa. Unamfunga kamba mkiani, unamwachia, anakwenda kujibandika kwenye gamba la kasa, nawe unavuta polepole. Kwetu taza haliwi. Mwenye taza humlisha kwa mkono na humsemesha, na baba alikuwa naye misimu miwili. Yule bwana akaamuru achomwe. Baba ndiye aliyelazimishwa kuwasha moto, kuupuliza, na kumwandalia. Akala, akasifu utamu, akapangusa mikono yake kwenye bega la baba.

Wiki ile ile tulikimbia kwa mashua ya jirani hadi upande wa Kenya. Baba hakumaliza mwaka kambini, tukamzika huko. Picha yake hatuna, maana sanduku lilibaki Chula na waliobaki nalo si watu wa kutunza picha.

Miezi miwili iliyopita binamu yangu wa Mombasa akanipigia simu kunipa habari: yule bwana amekufa. Kafa kwa sukari, kitandani kwake, wanawe wamemzunguka, kaswaliwa na msikiti mzima. Sikuweza kusema inna lillahi. Zaidi ya miaka thelathini nimemngojea, naye kaniponyoka kwa kifo cha mtu mwema. Nililia ndani ya basi kwa hasira, watu wakanipisha kiti wakidhani nimefiwa.

Basi nikaamua nitamuua mwenyewe. Wiki zile saba zikawa zake. Nikampa samaki mkononi. Nikampa ndevu za hina, kovu chini ya jicho la kushoto, pengo la meno ya juu, vyote kwa brashi ya nywele tatu na lenzi jichoni. Ni uso pekee niliowahi kupaka, na umetoka mzuri mno, Mungu anisamehe.

Na hapo nikiri jambo. Mama alitulea tukijua kwamba mwenye kuchora kiumbe mwenye uso ataambiwa siku ya kiyama akitie roho alichokichora. Kwa hivyo watu wangu wote wa pale ubaoni, baba, dada zangu, majirani, nimewapaka rangi ya ngozi tu, bila macho wala mdomo. Nikaona, kama dhambi haina budi, basi niimalizie kwa yule mmoja. Niliona nina akili sana.

Mama alikuwa hayajui haya. Miaka mitano ameishi na mtoto wa jicho, akiona vivuli tu. Akinikuta na ubao alidhani nacheza sataranji. Alhamisi wakamfungua bandeji ya mwisho, na tangu hapo hatuna raha. Kayaona mavumbi yote ya nyumba hii. Kaziona mvi zangu, akauliza nimezipata lini.

Leo baada ya adhuhuri akaingia chumbani kwangu, akainamia Chula. Nikajitayarisha kwa mawaidha ya masanamu. Hakunipa. Aliutambua msikiti. Aliitambua nyumba yetu, akasema mlango nimeuweka upande siwo. Kisha akamwona yeye, akashika ukingo wa meza. Hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Halafu akaanza kuwatazama wale wengine, mmoja mmoja, kwa karibu sana.

"Mchu ni huyu moya chu?" akaniuliza kwa lahaja yetu ya kisiwani, ambamo mtu ni mchu. "Hawa wengine si wachu? Na babako yu wapi?"

Nikamwonyesha. Yule aliyeinama penye moto, mwenye kichwa kitupu kama kokwa la kunazi. Mama akamtazama.

Nilikasirika. Nikamwambia haya, nampa uso sasa hivi, dhambi ni yangu. Nikaketi, nikachovya brashi, nikamshika baba kwa vidole viwili.

Mkono haukwenda.

Naiona mikono yake. Naiona shingo yake kwa nyuma, anavyopuliza kuni. Kila unywele wa ndevu za yule mwizi naujua, hata pengo naweza kukwambia ni la meno mangapi.

Sura ya baba yangu siikumbuki.

Mashua nilijua kaichukua. Hili sikulijua mpaka leo, na sehemu ya wizi huu nimeifanya mwenyewe. Kila alfajiri, nikitoka kwenye mswala, uso niliokwenda kuutunza ulikuwa wake. Nimemlisha macho yangu. Na msiniletee maneno ya msamaha kwenye maoni hapo chini, nitayafuta. Sijasamehe. Leo namchukia kuliko jana.

Nikamtia kwenye chupa ya dawa ya kuondoa rangi, kichwa chini. Nikakaa kumtazama. Ndevu zilikwenda kwanza, kisha kovu, kisha yale meno. Nilisikia raha, wallahi, raha ambayo dadu hazingenipa. Nilimtoa ni kipande cha plastiki ya kijivu, hajui ni nani. Nikamtupa kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda ya viazi, na ndoo nikaipeleka nje mwenyewe, mvuani.

Niliporudi mama alikuwa ameketi kitandani kwangu na tasbihi yake. Nikamwambia kweli, kwamba sura ya baba imenitoka. Nilitaraji atalia. Alinitazama kwa yale macho yake mapya, kisha akageuka akanipa mgongo, akauelekea ukuta, ili asiwe shahidi wa nitakalolifanya.

"Nyusi zake zimekuchana," akasema, na vidole vyake viwili vikagusana hewani ili nielewe. "Sikio la kushocho limeyikunda." Akalikunja sikio lake mwenyewe nione. "Na mdomo..."

Mabega yake yakatikisika, nikadhani sasa analia, kumbe anacheka.

"Mdomo wa mchu anayezuia kicheko mbele ya wakwe."

Nimeshamaliza nyusi. Kesho siendi klabu.