Simu Saba za Walinzi wa Murungu

Murungu, Jumanne, kiangazi cha 2014. Vumbi tupu. Upepo una ugomvi na mabati yangu.

Shajara, wilaya nzima ya Kibondo hakuna mwenye bahati kama mimi. Ijumaa, siku ya gulio, majambazi wenye bunduki walipopita na ng'ombe wawili wa Mama Eliza, mimi nilikuwa Kasulu nasaka betri ya sola, nakunywa chai ya tangawizi na wenye maduka. Kibanda changu cha kuchaji simu kimefungwa, ufunguo mfukoni.

Shule niliiacha darasa la sita, ila vita naijua. Kwenye kibanda cha video nimeona majeshi makubwa: ndege, meli na askari wa miguu, wote wanapashana habari na kuona picha moja ya vita. Nikawaambia sungusungu wenzangu, walinzi wa kijiji, nasi tufanye hivyo! Tukagawa simu saba, kila kilima mlinzi na simu yake. Nikajipa cheo: mkuu wa mawasiliano.

Tatizo, zote zinachajiwa kwangu. Na siku ya gulio walinzi huteremka wote, wananiachia simu, wanaenda kununua chumvi.

Jeshi zima juu ya meza moja.

Leo kikaoni Afande Ruhuza, mwanajeshi mstaafu, katuchana kweli. "Yewe mkuu wa mawasiliano! Simu mnazo, mpango uko wapi? Wa kilimani akiona, anamwambia nani? Na huyo akishaambiwa, anafanya nini?"



Akachora chini kwa fimbo: kilima, njia, kivuko cha mto. Anayeona anapiga kivukoni, wa kivukoni wanaziba njia. Simu zichajiwe kwa zamu, mbili mbili. Zikizima, filimbi. Kumbe yeye alianza kufikiri kutokea mtoni. Mimi nilianzia kwenye chaja.

Nikatania, watu wakacheka. Mama Eliza hakucheka. Ni mjane, na wale ng'ombe ndio waliokuwa wanamsomesha Eliza. Tulipotoka akanishika mkono.

"Baba Jose, Mungu anakupenda. Ungekuwepo wangekuumiza."



Kesho asubuhi nampelekea Afande ufunguo wa kibanda, kisha naenda kwa Mama Eliza kumwambia ukweli mwenyewe, kabla mtu hajamsomea shajara hii.

Sikwenda Kasulu. Nilikuwa ndani ya kibanda, nimekomea mlango. Yowe lake nililisikia. Ng'ombe wake niliwaona kwenye ufa wakipita. Namba ya polisi imebandikwa ukutani, simu saba zilikuwa mezani zimejaa chaji, na sikugusa hata moja.