Manukato ya Mwanangu Hayasikiki

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, maana jana nimemshonea mtu mfuko wa shati mgongoni, na alipouliza nikamwambia ndiyo fasheni, yote hiyo ni kwa sababu akili yangu haipo kwenye cherehani, ipo kwa mwanangu.

Huyu ni mtoto wangu wa kwanza, na simsifu kwa kuwa ni wangu, hata angekuwa wa jirani ningemsifu, ingawa kwa jirani hawezi kutokea mtoto kama huyu. Mimi shule sikufika mbali lakini yeye hisabati alikuwa akiwafundisha wenzake, na pua yake sijaiona kwa binadamu mwingine, alipokuwa mdogo alikuwa ananusa nguo zilizoletwa kupunguzwa ananiambia mama hii ni ya mwalimu, hii ni ya yule mzee wa duka la rangi, na hakosei. Sasa ni mkubwa na kazi yake ni kutengeneza manukato, si ya kununua kwenye ndoo na kugawa kwenye vichupa, hapana, anachanganya mwenyewe kwenye chumba cha nyuma, ana mizani inayopima hata unyoya, ana spiriti yake, ana vipande vya karatasi anachovya ananusa anafumba macho kama anaswali, na akifumba macho sote nyumbani tunatembea kwa vidole. Kukaanga vitunguu kukakatazwa. Sabuni yangu ya harufu ikakatazwa. Nikavumilia, maana kila mteja anayekuja kupimwa namwambia, msikie huyo nyuma, ni mwanangu, anatengeneza manukato ambayo hayapo popote.

Basi akamaliza yale anayosema ndiyo bora kuliko yote. Nikamuuliza, haya mwanangu, ni ya kike au ya kiume? Akasema, "Ya mtu, mama." Ya mtu! Kwani mimi nilidhani ni ya mbuzi? Akasema mwanamke apake, mwanamume apake, hayachagui hilo, yanachagua tabia. Akayaita Karibu. Mshauri, niliposikia jina nilifurahi machozi yakanitoka, nikasema huyu amenitengenezea mimi mama yake, maana mimi mtu akiwa bado yuko barabarani anatafuta namba ya nyumba nimeshamwambia karibu, pita, kaa, umekula? Nikapaka. Nikanusa mkono. Kimya. Nikapaka tena mpaka nikalowa, nikaenda kwa jirani yangu tunayemwita Redio, nikasimama mbele yake nikasema, unasikia nini? Redio akavuta pumzi, akasema, "Nasikia cherehani inahitaji mafuta." Halafu akaniuliza, "Kwani mwanao ametia maji?" Mimi! Mbele ya Redio!

Nikarudi nikamwambia mwanangu, manukato yako hayasikiki. Akacheka. Akasema, "Mama, si karibu ile ya mlangoni. Ni karibu ya si mbali. Hayo ni ya mtu mtulivu, haongei sana, anayetaka kumfahamu amsogelee." Nikamwambia mtu wa namna hiyo hata dukani hataingia, atasimama nje anaona haya, sasa utamwuzia nani? Akasema, "Wapo, mama." Wako wapi? Mimi katika ukoo wetu sijamwona hata mmoja.

Sasa kuna mama mmoja ana duka kubwa la manukato, lenye kuta za vioo, alishanusa Karibu akayapenda, sijui aliyasikiaje, akasema atakuja nyumbani anuse mara ya pili, na kama bado ni yale yale atamwekea rafu nzima, rafu nzima mshauri, yenye taa juu yake. Mimi nikaona mtoto ataaibika, yule mama atanusa hatasikia kitu, na mimi ninacho kichupa changu cha mafuta ya waridi ambayo tone moja tu linajaza ukumbi wa harusi, kwa hiyo nikaipa nguvu kidogo ile chupa iliyokuwa mezani, kidogo tu, nusu ya kichupa. Mgeni akaja, nikamkaribisha vizuri, nikamwambia habari za hisabati, akanusa. Akakohoa. Akatoka mpaka barazani akakohoa huko. Akasema, "Kijana, hiki si kile. Hiki kinapiga kelele. Wewe hujui kupima." Na akasema mtu asiyeweza kurudia kitu kile kile mara mbili yeye hawezi kumwekea rafu.

Hujui kupima! Amwambie mwanangu, ambaye hata chumvi anaipima! Nilitaka kumjibu yule mama lakini mwanangu alikuwa ameishika ile chupa, ananusa, akaniangalia, akamwambia mgeni, "Samahani, mama, umepata usumbufu bure." Basi. Mgeni alipoondoka hakunifokea. Angenifokea ningejua pa kuanzia, kwetu tunafokeana tunamaliza tunakula. Yeye alifunga mizani yake kwenye taulo, akabeba chupa zake, akahamia kwa rafiki yake fundi wa saa, ana kijichumba nyuma ya duka lake. Salamu zinakuja kwa mdogo wake wa kike. "Kaka hajambo, anauliza kama umemeza dawa za presha." Nameza, lakini presha yenyewe ni yeye!

Nyumbani sasa nakaanga vitunguu nitakavyo na havina ladha. Naomba uniambie nimrudishe vipi mwanangu, na umwandikie humu humu gazetini, maana anakusoma, kwamba manukato lazima yasikike.

Mimi, mama yake, fundi wa nguo.

*

Mshauri anajibu:

Mama fundi, kaa chini, zima cherehani. Nimekusoma mara mbili na nimekuonea huruma, kwa sababu unampenda mtoto huyu hadi herufi zinagongana. Lakini umenichosha.

Sitamwandikia mwanao lolote. Nakuandikia wewe. Hisabati yake umeieleza vizuri, pua yake pia, na ukoo wenu naufahamu sasa. Ila kile kichupa cha waridi umekipita upesi upesi, kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala. "Nikaipa nguvu kidogo." Mama! Nusu ya kichupa cha kitu ambacho tone lake linajaza ukumbi! Ungeingia chumbani mwake ukamkata kidole usingemharibia kazi zaidi.

Mimi pia ni mtu wa manukato ya kelele. Nikifika kazini, mlinzi hafungui macho, anafungua geti tu. Kwa hiyo nakuelewa. Lakini mwanao alikueleza kwa adabu kwamba wapo watu wa namna nyingine, na wewe ukajibu kwamba hujawahi kumwona hata mmoja. Umekula naye meza moja maisha yake yote! Hafoki, haongei sana, akiumia anafunga mizani kwenye taulo. Hayo manukato yanamfaa nani, mama, kama si yeye? Hukumsikia kwa sababu ulikuwa barabarani unamtangaza.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Umeniuliza mwanao atarudije nyumbani. Hujaniuliza jina lake litarudije. Kijana ameambiwa usoni, mbele yako, kwamba hajui kupima. Alikuwa na chupa mkononi na waridi puani, alijua ni nani. Angekuonyesha kidole tu, rafu ingekuwa yake. Akaomba samahani yeye. Mpaka leo mwenye duka anaamini fundi yule ni wa kubahatisha, na katika kazi yake hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Na wewe umekaa nyumbani unalalamika kwamba vitunguu havina ladha.

Fanya hivi. Nenda dukani kwa yule mama, peke yako. Usiende na binti yako akusemee, usiende na Redio, tafadhali sana usiende na Redio. Subiri wateja wapungue. Sema: "Mafuta ya waridi nilitia mimi. Mwanangu hakujua mpaka uliponusa." Ukimaliza hayo usiongeze neno. Usimwahidi gauni la bure. Usimwombe rafu. Mwombe tu anuse tena, kutoka chupa ambayo haijapita mikononi mwako. Akikasirika, vumilia, una haki ya kukasirikiwa. Akikataa, bado atakuwa amekataa akijua ukweli, na mwanao ataweza kupita mbele ya duka lile bila kuinamisha kichwa.

Kisha mwambie mwanao ulichofanya, kwa maneno machache kuliko unavyodhani yanatosha. Usimwambie arudi. Kile kijichumba kwa fundi wa saa mwache nacho, mtu wa kazi ile anahitaji mahali pasipo na kitunguu wala mama wa kuongeza nguvu. Kuhamisha mizani si kumhama mzazi. Mtoto aliyekuhama haulizii dawa zako.

Na siku atakapokuja kukusalimu, kwa sababu atakuja, chukua nguo yoyote uanze kuipinda. Nyinyi mafundi hubana pini kwa midomo mkipinda. Zibane pini zako, nyingi, na usizitoe mpaka aanze kuongea yeye.